Maswali ya Wasomaji: Siku ya Kwanza Kazini Mnadani

SWALI: Mhariri, nimeajiriwa kuwa karani msaidizi wa dalali mwenye leseni hapa Mombasa. Jumamosi ijayo nitafanya kazi kwa mara ya kwanza katika mnada wa mali iliyokamatwa kwa amri ya mahakama: matatu mbili, friji za duka na samani za ofisi. Nimeambiwa nitaandikisha wanunuzi na kuandika bei. Je, ni mambo gani nichunge zaidi? Nikiona friji inaachiliwa kwa bei ya kutupa, naweza kuinunua mimi mwenyewe? Tena mama yangu haipendi kazi hii. Asema ni kula kwa machozi ya watu. Nimjibuje? – Msomaji, Kisauni.

JIBU: Tuanze na friji, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Usinyanyue mkono, wala usimtume ndugu au rafiki akunyanyulie. Kanuni za mwenendo wa kesi za madai nchini Kenya zinamkataza kila mwenye wajibu katika mauzo ya namna hiyo kuinunua mali inayouzwa, ama kwa mkono wake ama kwa kupitia mtu mwingine, na karani wa dalali hana njia ya kujitoa katika katazo hilo. Vilevile usikubali kusimama katikati ya watu na kutaja bei usiyokusudia kulipa ili wanunuzi wa kweli wapande, hata kama atakayekuomba ni mkubwa wako. Watu wa pwani mnalijua jambo hilo kwa jina la najshi, ambayo fikihi ya Kiislamu imeikataza tangu zamani. Nayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inampa mnunuzi haki ya kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu iwapo muuzaji, bila kutangaza kwamba amejiwekea haki ya kushindana, alipenyeza mtu wake wa kupandisha bei.

Sasa tuje kwenye kazi yako hasa. Macho ya watu yatakuwa kwa dalali na nyundo yake, lakini mgogoro ukizuka baadaye, mawakili wataomba kuona ulichoandika wewe. Kwa hiyo kabla mnada haujafunguliwa, hakikisha kila mnunuzi ameonyesha kitambulisho, ameweka amana iliyotajwa kwenye tangazo, amepewa stakabadhi na amepokea nambari yake. Anayedai kwamba anamnunulia mwenziwe aandikwe hivyo papo hapo, pamoja na jina la huyo mwenziwe, kwa sababu baada ya nyundo kugongwa watu hubadilika kwa haraka ya kushangaza.

Wengi wanaoanza kazi hii hukosea hapo kwenye nyundo. Sheria niliyoitaja inasema kwamba mauzo hukamilika dalali anapoyatangaza kwa kugonga nyundo au kwa njia nyingine iliyozoeleka, na kwamba kabla ya hapo kila aliyetaja bei anaweza kuiondoa. Mtu akitaja laki sita kwa matatu ya kwanza, kisha akasikia injini ikikohoa na kusema amejitoa, yumo ndani ya haki yake, hata kama dalali amekwisha kuita mara ya pili. Wewe uliyekwisha kumwandika kwa wino kuwa ndiye mnunuzi utakuwa umeandika mauzo ambayo hayakutokea. Subiri nyundo igongwe, halafu andika nambari ya mnunuzi, nambari ya fungu (yaani kitu au vitu vinavyouzwa kwa pamoja) na bei, ukivisoma kwa sauti ili dalali avithibitishe. Kila fungu huhesabiwa kuwa mkataba wake peke yake, basi aliyenunua friji tatu katika mafungu matatu aandikwe mara tatu.

Jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa ni hili: mdaiwa mwenyewe akitokea langoni na deni lote pamoja na gharama, na fungu bado halijagongewa nyundo, mauzo hayana budi kusimamishwa. Usimfukuze ukidhani amekuja kuzua fujo, bali mpeleke kwa dalali mara moja, na uandike saa aliyofika.

Kuhusu mama yako, simlaumu. Wapo madalali waliolichafua jina la kazi hii kwa kuvamia nyumba alfajiri na kubeba hata sufuria, nasi tusijifanye hatuwajui. Lakini mweleze kwa upole kwamba yapo mambo yanayomlinda mdaiwa, ambayo karani mwaminifu anaweza kuyasimamia. Kwa mali inayohamishika, Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinamtaka dalali kwanza aorodheshe vitu kwa maandishi, pamoja na thamani na hali ya kila kimoja, kisha ampe mwenyewe siku 7 za kuvikomboa kabla ya kuvichukua. Na baada ya tangazo la kwanza gazetini, mnada usifanyike kabla ya siku 7 nyingine. Kwa nyumba au shamba, mwenyewe hupewa siku 45 za kukomboa. Isitoshe, sheria ya madai imeviweka nje ya ukamataji nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, pamoja na zana ambazo fundi hupatia riziki yake.

Omba basi nakala ya orodha ya mali na ya tangazo la gazeti siku mbili tatu kabla ya mnada, uzilinganishe na vitu vilivyomo yadini, kimoja baada ya kingine, pamoja na tarehe zake. Ukikuta humo kitanda, au cherehani ya mshonaji, mwulize dalali kimefikaje hapo, na umwulize kabla ya Jumamosi.