Kwa mawakili mnaoanza kazi ya mikataba ya faiba, nyaya za mtandao, Mombasa

Wadogo zangu, rasimu zinapita mezani na kosa ni lilelile, mwaka nenda mwaka rudi. Mnachukua mkataba wa haki ya njia, yaani ruhusa ya kupitisha nyaya kwenye ardhi ya mtu, uliotumika Nairobi au Nakuru, mnaandika Kisauni palipokuwa Embakasi, mnabadilisha jina la kaunti, kisha mnasema kazi imekwisha. Nawapenda, na ndiyo maana sitanyamaza. Mradi wa umma ukikwama, sisi ankara zetu zitalipwa hata kwa kuchelewa. Zahanati iliyoahidiwa mtandao ndiyo inayoendelea kuandika wagonjwa kwenye daftari.

1. Jueni ardhi mnayoipitisha faiba.

Pwani si bara. Ukanda wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakautawala kwa niaba yake tangu 1895, na umiliki wake ukasajiliwa kwa sheria ya peke yake ya mwaka 1908. Matokeo yake tunaishi nayo hadi leo. Mitaa ya Majengo, Kisauni, Changamwe, utamkuta mtu amejenga, amelea watoto na kuoza mabinti katika nyumba yake, na kodi ya kiwanja anampelekea mtu mwingine. Nyumba anaweza kuiuza na kuirithisha. Ardhi iliyo chini yake si yake. Baadhi yenu mmezaliwa katika nyumba za namna hiyo, lakini mkishika kalamu ya uwakili mnaandika kana kwamba hamjawahi kuziona.

Kulikuwa na mradi wa kuunganisha ofisi za wadi na vituo vya afya mjini hapa, nasi tuliitwa ulipokuwa tayari umekwama. Wakili wa mkandarasi alikuwa kijana hodari, tena mchapakazi. Alizunguka nyumba kwa nyumba na mzee wa mtaa, akakusanya saini, kopi za vitambulisho na muhuri wa chifu. Faili lilikuwa nene na safi, limepangwa kufuata njia ya mtaro kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Uchimbaji ukaanza. Walipofika katikati ya njia akaja bwana mmoja mpole, mkononi ana bahasha. Yeye ndiye mkusanyaji wa kodi ya kiwanja kwa niaba ya familia yenye hati, na familia hiyo haikuulizwa chochote. Hakugombana na mtu. Alikwenda mahakamani, akarudi na amri ya zuio.

Masika yakaingia mtaro ukiwa wazi. Maji yakajaa, taka zikafuata, dakti, mabomba ya kupitishia faiba, zikaelea juu. Mama anayeuza mbaazi na mahamri pale kona alitandika ubao ili wateja wake wa asubuhi wavuke. Mkandarasi akaanza kudai malipo ya mitambo iliyokaa bure. Juni 30 ikafika, mwaka wa fedha wa serikali ukafungwa, na pesa ambazo hazikutumika zikarudi zilikotoka.

Nilipolifungua lile faili nilikuta kitu kilichoniuma kuliko yote hayo. Nyuma ya idhini ya mzee mmoja palikuwa na kopi ya karatasi aliyonunulia nyumba. Ilionekana wazi kwamba karatasi yenyewe ilikunjwa mara nyingi hadi ikachanika kwenye mikunjo. Chini ilikuwa na alama ya dole gumba, na juu, katika mistari ya kwanza kabisa, imeandikwa kwamba muuzaji anauza nyumba bila ardhi. Mzee hakumficha mtu. Aliutoa ukweli kwa mkono wake mwenyewe, nao wakautoa kopi, wakautia namba ya ukurasa, wakaufungia ndani ya faili. Hakuna aliyeusoma.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kifungu hata kimoja, muulizeni mzee wa mtaa: hapa kodi ya kiwanja anakusanya nani? Jibu lake litawaonyesha pa kuanzia, kisha sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, ithibitishe. Idhini ziwe mbili: mwenye nyumba akubali usumbufu mlangoni kwake, mwenye ardhi atoe haki ya kupita. Warithi wakiwa wametawanyika, wengine wako Muscat na wengine hawaelewani, Sheria ya Ardhi ya 2012 inawapa nyinyi njia ya kuomba haki hiyo kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi, na fidia italipwa. Ni safari ndefu, ianzeni mapema. Kiwanja kikiwa cha waqf, yaani kimetolewa wakfu kwa ajili ya dini au hisani, hakiuzwi wala hakirithiwi; nendeni kwa Kamisheni ya Waqf, saini ya imamu peke yake haitoshi.

2. Barabara nayo ina mwenyewe. Mtaro mmoja unaweza kupita barabara ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, ukaingia ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ukamalizikia ya kaunti, na kibali cha mmoja hakimfungi mwenzake. Mji wa Kale ongeeni na Makumbusho ya Taifa kabla sururu haijashuka.

3. Someni BQ, yaani orodha ya kazi za mradi, vipimo vyake na bei zake. Najua mnaona ni kazi ya mainjinia. Lakini mgogoro ukizuka, ni nyinyi mtakaoisoma usiku kucha, basi isomeni mapema mkiwa na nafasi ya kurekebisha. Chini ya udongo wetu kuna jiwe la matumbawe. BQ iliyonakiliwa kutoka bara ina bei moja tu ya kuchimba, bei ya udongo laini. Fundi mmoja kule Nyali alinionyesha ncha za mashine zilizobutuka, amezipanga ukutani, akaniuliza: nyinyi mliosoma, hili jiwe hamkuliona? Nilikosa la kumjibu, kwa sababu kuta za Fort Jesus ni jiwe hilohilo na kila mtoto wa Mombasa ameliegemea.

Mchimbaji akigonga mwamba atakuja na ombi la nyongeza, na hapo kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinawangoja. Bei ya mkataba haipandi ndani ya miezi 12 tangu kusainiwa, na nyongeza zote zikijumlishwa haziruhusiwi kuvuka asilimia 25 ya bei ya awali. Mkandarasi mwaminifu atafilisika, na asiye mwaminifu atachimba mtaro usiofikia kina halafu afukie haraka. Daini mashimo ya majaribio kabla ya tenda kutangazwa, na bei ya mwamba iwe na mstari wake.

4. Heshimuni siku 14. Barua ya ushindi ikitoka, mkataba hausainiwi kabla siku hizo hazijapita, maana ndizo alizopewa aliyeshindwa kupeleka malalamiko kwenye Bodi ya Rufaa ya ununuzi wa umma. Mteja atawasukuma, atasema mheshimiwa anataka uzinduzi wiki hii. Mwambieni hapana, kwa adabu, na kwa maandishi.

5. Mkiwa upande wa mzabuni: kila ukurasa uwe na namba, viambatisho navyo, na jumla iliyo kwenye fomu ya tenda ihakikiwe na mtu wa pili, kwa sababu ikishafunguliwa haisahihishwi hata kama hesabu ni mbovu.

6. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano iangalieni daraja lake na tarehe yake, si muhuri tu.

7. Matengenezo. Hapa ndipo vijana mnapochoka, mnabandika ukurasa wa mwisho kutoka mkataba mwingine. Mombasa haina njaa ya mtandao: waya wa baharini wa TEAMS ulitua hapa kutoka Fujairah mwaka 2009, SEACOM mwaka huohuo, EASSy mwaka uliofuata. Uwezo umefika ufukweni. Shida iko kwenye kipande cha mwisho, kile kinachokatwa na watu wa maji wakitafuta bomba lao. Faiba ya umma ikikodishwa kwa IRU, yaani haki ya kuitumia kwa muda mrefu bila kuimiliki, ya miaka 15 au 20, itakatwa mara nyingi ndani ya muda huo, na kila mara mtu atauliza ni nani anatengeneza, kwa pesa ya nani, ndani ya saa ngapi.

Nimesoma mkataba ulioahidi kurudisha huduma Likoni ndani ya saa nne. Aliyeuandika hajawahi kukaa kwenye foleni ya feri saa kumi na moja jioni na gari lililobeba mashine ya kuungia faiba. Andikeni kwamba kikosi kimoja, mashine moja na akiba ya waya vikae ng'ambo ileile ya Likoni, na gharama yake iingie kwenye BQ kabla ya tenda kutangazwa.