Dada wa Njoro, usimsugue binti yako meno kwa limau

Weka hilo limau chini, dada. Umeandika kwamba binti yako wa miaka 13 ana meno ya kahawia, kwamba umeshanunua unga wa mkaa, na jioni hii utamsugua mpaka yawe meupe. Mimi nimelelewa huko huko kwa maji ya kisima, na yangu yalikuwa hivyo hivyo.

Ile rangi si uchafu. Imo ndani ya enameli, gamba gumu linalofunika jino juu ya ufizi. Mtoto mdogo akinywa maji yenye madini ya floraidi mengi kupita kiasi, enameli hujengwa ikiwa na vitundu vidogo sana, jino likiwa bado ndani ya taya. Likishaota, vitundu hivyo hufyonza rangi. Sasa ukisugua, unaondoa nini? Jino lenyewe.

Na enameli ikiondoka, imeondoka. Ngozi ikichubuka hurudi na mfupa ukivunjika huunga, kwa kuwa vina seli hai. Seli zilizojenga enameli hupotea jino linapochomoza. Karibu asilimia 96 ya enameli ni madini. Ndiyo maana hakuna kitu kigumu kama hicho mwilini, lakini asidi huiyeyusha. Limau ni asidi kali. Linailainisha, kisha mkaa unaikwangua.

Aliyeniuzia unga wangu sokoni alikuwa amevaa koti jeupe kama daktari. Akaniambia nichanganye na limau, nisugue kwa nguvu asubuhi na jioni. Mwanzoni meno yaling'aa kweli, kila mtu akanisifu. Baadaye yakageuka manjano, na nilipomrudia akasema niongeze unga! Manjano ile ilikuwa dentini, tabaka la chini, ikionekana kupitia enameli iliyokonda. Dentini ina vijibomba vyembamba vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu. Hadi leo nikivuta upepo wa asubuhi kwa mdomo, meno mawili ya mbele yanachoma hadi puani. Chungwa sili. Maji ya mtungi nayapitishia pembeni ya mdomo. Yule mtu anauza kitu cha kukwangua meno ya watoto wa watu na hajui chini ya enameli kuna nini. Bado nina hasira naye, na sitaomba radhi kwa hilo.

Mpeleke binti kwa daktari wa meno. Wapo wanaoondoa tabaka jembamba mno kwa kipimo, au wanaofunika jino kwa kibandiko cha rangi ya meno, kulingana na jinsi lilivyoathirika. Chochote kinachokwaruza au kilicho kichachu kisiguse jino nyumbani.

Umesema pia kuna mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Huyo ndiye wa kukimbilia sasa, maana enameli ya meno yake ya kudumu ya mbele inajengwa wakati huu. Uji wake na maji yake ya kunywa yawe ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ule unaonasa floraidi. Usichemshe ya kisima ukadhani umeitoa: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, na kinachobaki kina nyingi zaidi.