Jibu: Damu na maumivu ya ubavu baada ya kuvunjwa jiwe kwa leza

Dada, umeuliza kwa nini mumeo, aliyevunjwa jiwe la figo la milimita 8 kwa leza wiki jana, bado anakojoa damu na kuumwa ubavu.

Mara nyingi ni stenti, ule mrija laini uliojikunja ncha zote mbili: moja ndani ya figo, nyingine kwenye kibofu. Huachwa kwa sababu njia ya mkojo huvimba baada ya darubini nyembamba ya kufikia jiwe kupita, na ikiziba, figo hujaa mkojo. Kibofu kikijikaza, mkojo hurudi juu kupitia stenti, ndiyo maana ubavu huuma hasa anapokojoa. Ncha ya chini nayo hukwaruza kibofu. Siku ya kutikiswa na matatu ya Rongai, mkojo utakuwa wa waridi zaidi. Anywe maji mpaka akojoe takriban lita 2.5 kwa siku, na amuulize daktari kuhusu tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo.

Homa ya 38 au zaidi, kutetemeka, mabonge ya damu, au mkojo kukatika: mpeleke hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki!

Tena, hakikisheni leo mna tarehe ya kuitoa stenti. Ikisahaulika miezi, chumvi hujijenga juu yake na huenda ikahitaji upasuaji mwingine. Kwa wakati wake, hutolewa kwa dakika chache, mara nyingi kwa jeli ya ganzi tu.