Rada Haionyeshi Kila Kitu: Namna ya Kumpima Mrushaji Chipukizi wa Besiboli

Kijana anapanda kichuguu, yaani kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji, anarusha mpira mmoja, rada inasoma maili 90 kwa saa, na watu nyuma ya wavu wanaanza kunong'onezana. Makosa mengi huanzia hapo. Namba hiyo ni ya kweli, ila ni habari ya mkono wa leo, tena wa mrusho mmoja. Anayemtafuta mrushaji wa miaka mitano ijayo lazima aangalie zaidi, na mbali na rada, vifaa anavyohitaji havizidi daftari, saa ya kupimia muda, utepe wa kupimia na subira.

Rada yenyewe kwanza, kwa kuwa nayo hutumiwa vibaya. Kaa nyuma ya bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kwenye mstari mmoja na njia ya mpira. Ukijisogeza pembeni kwa nyuzi 20, rada itakuibia karibu asilimia 6: mpira wa maili 90 utasomeka 84 au 85, na kijana atakuwa ameonewa bila kosa lake. Andika kasi ya kila mrusho, kisha toa namba mbili: kasi ya juu kabisa, na kasi anayokaa nayo mirusho mingi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamini. Linganisha iningi (zamu ya mchezo) ya kwanza na ya nne. Aliyeanza na 88 akaishia 82 ana tatizo la pumzi, la mwendo wa mwili, au mkono unamuuma na hajasema.

Wasaka vipaji wa Marekani hutoa alama kwa kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu. Kila ujuzi hupewa alama mbili, ya sasa na ya baadaye. Mpira wa kasi wa ligi kuu siku hizi huwa na wastani wa maili 94 hivi, yaani kilomita 151 kwa saa, kwa hiyo kijana wa miaka 16 anayerusha 86 atapata alama ya sasa ya chini sana, na hilo si aibu. Kazi kubwa iko kwenye alama ya baadaye. Kila unapoiandika, andika sababu pembeni yake: mabega mapana yasiyo na nyama bado, miguu ambayo haijaanza kusaidia, au miezi minane tu tangu aanze kurusha. Ukikosa sababu ya kuandika, shusha alama.

Chukua vijana wawili, wote 86. Wa kwanza anakaza shingo, kichwa kinachomoka kwenda pembeni mpira unapotoka, na anamaliza akiyumba. Wa pili anarusha kwa nguvu ya mkono peke yake, nyonga imelala, hatua fupi, uso umetulia. Wa kwanza ametoa kila alichonacho. Wa pili akifundishwa kutumia miguu na nyonga ana nafasi ya kupanda, na ndiye ambaye ningerudi kumtazama wiki ijayo.

Ili uone mwendo huo vizuri, ondoka nyuma ya bamba. Kwa anayetumia mkono wa kulia, simama upande wa besi ya tatu, kifua chake kikuelekee; kwa wa kushoto, upande wa besi ya kwanza. Macho yako yasubiri pale mguu wa mbele unapogusa ardhi. Wakati huo mkono wa kurusha uwe umeshapanda, kiwiko karibu usawa wa bega. Mkono ukiwa bado chini, mwili umetangulia na mkono unaburutwa nyuma yake. Matokeo ni mpira kwenda juu, upande wa mkono wake, na mzigo mkubwa kuangukia kiwiko na bega. Angalia pia nyonga: ianze kugeuka huku mabega yakiwa bado yamebaki nyuma, maana kasi nyingi hutoka kwenye mkazo huo. Kisha goti la mbele: lishike imara, lisiendelee kuzama mpira unapotoka.

Ardhi nayo ina habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Siku ya mazoezi, akiwa anarusha peke yake, sawazisha udongo kwanza, mwache arushe mirusho 20, halafu nenda ukaangalie alipotua mguu wa mbele. Anayerudia mwendo wake huacha shimo moja, pana kidogo kuliko kiatu. Asiyerudia huacha udongo uliovurugika kama kuku wamechakura. Pima kwa utepe toka kibao cha kukanyagia, kile kilicho juu ya kichuguu, hadi kwenye shimo: hatua ya asilimia 80 au zaidi ya urefu wake ni dalili njema. Shimo likiwa limeenda mno upande wa mkono wake wa kurusha, analazimika kurusha kwa kukatiza mwili. Likiwa limeenda upande wa pili, nyonga inafunguka mapema na kasi inavuja.

Kurusha straiki, yaani mpira unaopita eneo halali la mpigaji au anaoukosa akijaribu kuupiga, na kulenga ni vitu viwili. Straiki hesabu kwa asilimia. 60 na kuendelea inaridhisha kwa umri huu. Kulenga kunapimwa kwa glavu. Mdakaji, anayeupokea mpira nyuma ya bamba, akishaonyesha shabaha, tazama glavu yake peke yake na uhesabu mara ngapi imehama zaidi ya upana wa kofia. Mpira ulioombwa chini nje ukaingia juu ndani utaitwa straiki na mwamuzi, lakini kwa mpigaji wa ligi kubwa huo ni wa kupigwa hadi nje ya uzio.

Kuhusu mirusho mingine, usidai mingi. Chenjiapu, mrusho wa polepole wa kumdanganya mpigaji, ipungue kasi kwa maili 8 hadi 10 chini ya mpira wa kasi, mkono ukienda kwa kasi ileile. Mkono ukipunguza mwendo, mpigaji ameshajua. Mpira wa kupinda usiupime kwa ukubwa wa mpindo. Uliza unapinda wapi: ukianza kupinda mapema, mpigaji mzuri atauacha upite. Wapigaji wenyewe ni kipimo. Wakikosa mpira wa maili 85 ndani ya eneo la straiki, au wakiugusa kwa kuchelewa ukaenda nje mara kwa mara, mpira huo una uhai usioonekana kwenye rada. Na mkimbiaji akiwa kwenye besi, pima muda toka mrushaji anapoanza kujongea hadi mpira uingie kwenye glavu: sekunde 1.3 ni nzuri, 1.5 ni mwaliko wa kuibiwa besi, yaani mkimbiaji kukimbilia besi inayofuata wakati mpira unarushwa.

Mwili husomwa kwa tahadhari. Urefu, viganja na miguu mikubwa hutabiri kukua, lakini Dodgers, timu ya ligi kuu ya Los Angeles, walimwachia mrushaji Pedro Martínez mwaka 1993, wengi wakimwona mdogo wa umbo, naye akaja kutwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, mara tatu. Usiwapuuze pia wachezaji wa nafasi nyingine wenye mkono mkali: Jacob deGrom alikuwa shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) chuoni kabla ya kugeuzwa mrushaji. Wala usidhani vipaji vina nchi yake. Mwaka 2022 Dodgers hao hao walisaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Afya ya mkono ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba vijana waliorusha mara kwa mara mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kufikia upasuaji. Mwongozo wa Pitch Smart, wa Marekani wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unaweka kikomo cha mirusho 95 kwa siku kwa miaka 13 hadi 16. Wa miaka 15 au 16 aliyefikisha mirusho 76 au zaidi apumzike siku nne. Waulize mzazi na kocha amerusha mingapi mwezi huu, katika timu zote, kwa sababu watoto wengi huchezea timu mbili bila makocha kujuana. Ukimwona anakunguta mkono, anashika upande wa ndani wa kiwiko, au mipira inapanda juu yote kwa pamoja, funga daftari na umwambie kocha amtoe, hata kama ulisafiri mbali kuja kumwona. Kiwiko cha miaka 14 bado kina gegedu laini kwenye sehemu za kukulia, na maumivu pale ni ya daktari, si ya barafu na kuendelea.

Mtazame angalau mara tatu kabla ya kuandika ripoti, zikiwemo mara moja akiwa na ushindi na mara moja akipigwa. Mwenzake akidondosha mpira rahisi, angalia kasi na mwendo wa mrusho unaofuata. Wengine huvamia kwa hasira, hatua inarefuka, mpira unatoka juu. Wengine huvuta pumzi na kurudia mwendo uleule. Baada ya miezi sita rudi na rada ileile, simama palepale, sawazisha udongo, hesabu tena mirusho 20.