Mwalimu wa bastola akizeeka: kwangu macho ndio yalitangulia

Mkuu umeuliza kama mwalimu wa kulenga shabaha aliyevuka 50, na vijana wake wameanza kumpita, bado ana uso wa kusimama mbele yao. Mimi nina 58, huu mwaka wa 24 nafundisha bastola, kwa hiyo hapo umenigusa penyewe.

Kilichoanza kunisaliti sio mkono, ni macho. Kwenye 46 hivi saiti ya mbele, ile ncha ya kulengea iliyo mwisho wa bastola, ikaanza kuonekana kama imeota manyoya, nikasema ah, uchovu tu. Nikavaa ile miwani ya mbali na karibu kwa pamoja, ikawa balaa zaidi maana sehemu ya karibu iko chini, sasa ili uione saiti inabidi unyanyue kidevu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, unatoka hapo shingo inauma na shabaha hujaipata. Kilichokuja kunisaidia ni kupima. Nikachukua bastola tupu, nimeikagua mara mbili, nikanyoosha mikono, mtu akanipimia kutoka kwenye jicho mpaka saiti ya mbele, ikaja kama sentimita 70. Nikampelekea fundi wa miwani kipimo hicho akanitengenezea lenzi ya jicho la kulengea kwa umbali huo, jicho lingine likabaki na lenzi ya mbali. Siku mbili kichwa kilizunguka, kisha nikazoea.

Baadaye nikahamia reddoti, kile kioo kidogo juu ya bastola chenye nukta nyekundu ya kulengea, maana pale unaangalia shabaha yenyewe na nukta inakaa juu yake, hakuna kuhangaika na saiti ya karibu. Ila wengine nukta wanaiona imechanika kama nyota. Usikimbilie kurudisha dukani, ipige picha na simu kwanza, ikitoka duara ujue tatizo ni jicho lako.

Vidole navyo vimekaza, siku hizi slaidi, lile chuma la juu linalorudi nyuma, naikamata na kiganja kizima halafu naisukuma bastola mbele badala ya kuvuta slaidi kwa ncha za vidole, mdomo wa bastola ukiwa shabahani muda wote. Kupiga goti naweza, kuinuka ndio kazi.

Sasa heshima. Mimi nilianza kuipoteza kwa ujanja. Nikawa naonyesha mita 5 tu, mita 25 naelezea kwa mdomo, nikibanwa nasema muda umeisha. Kuna binti mmoja kwenye darasa, mpole kabisa, akauliza mwalimu mbona ya 25 hujawahi kutuonyesha. Aisee. Nikapiga 5, mbili zikatoka nje ya karatasi, na hizo tatu zilizobaki zote juu. Uwanja mzima wa kulengea kimya. Nikaona nikileta kisingizio hapa nimekwisha, nikaenda nao mpaka kwenye karatasi nikawaambia someni wenyewe kilichotokea. Tukaelewana kwamba saiti ya mbele siioni vizuri, kwa hiyo naipandisha ili niione, na ikipanda kwenye ule mfereji wa saiti ya nyuma risasi nayo inapanda. Lile ndio somo waliloshika kuliko yote ya wiki ile, na huyo binti mpaka leo ananiletea wanafunzi.

Kuna wanaosema mbona kocha wa mpira hachezi. Huo mfano siukubali, kocha wa mpira hajasimama hatua moja kutoka kwa mtu mwenye silaha yenye risasi. Kasi ya kuchomoa bastola kwenye ala yake kiunoni ikipungua hakuna anayekufa, ila mwanafunzi akigeuka na bastola mkononi kuuliza swali, mkono wangu lazima uufikie wake kabla mdomo wa bastola haujafika kwa wenzake. Na masikio yangu yameshaharibika, ujana wetu tulipiga bila vikinga masikio tukijiona wanaume, na mlio wa risasi unavuka desibeli 140. Siku moja mwanafunzi alisema bastola imekwama, imekwama, sikumsikia, msaidizi wangu ndio aliwahi. Toka hapo nikapunguza wanaopiga kwa pamoja kutoka watu 6 hadi 3 na navaa vikinga vya umeme vinavyokuza sauti ya mtu na kuzima mlio.

Msijidanganye na yule mlenga bastola Mturuki Yusuf Dikeç aliyechukua medali ya fedha Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 51, na miwani yake ya kawaida, au Oscar Swahn wa Uswidi aliyepata medali ya fedha Olimpiki ya 1920 ana miaka 72. Ni kweli kabisa na nawavulia kofia, lakini wale hawakuwa wanachunga bunduki za watu wengine huku wanalenga.

Kwa hiyo jibu langu: kuwa wa kwanza sio lazima, lakini mtihani unaowapa wanafunzi na wewe uufanye, mbele yao, bila kupasha kwanza, alama ziandikwe ubaoni. Wangu una risasi 50, kupita ni 40. Mwezi uliopita nimepata 43. Msaidizi wangu anazo alama zangu zote za miaka minne, na tumeshakubaliana ni nani atachukua darasa siku nikiandika 39.