Maswali na Majibu: Tahadhari za Maji ya Kunywa Katika Vyombo vya Habari

Redio ilisema tuchemshe maji, gazeti likaandika tusiyanywe kabisa. Je, si jambo moja?

Si jambo moja, na hapa ndipo taarifa nyingi za habari huteleza. Agizo la kuchemsha hutolewa inapohofiwa kwamba vijidudu vimeingia katika mabomba, na maji yakishatokota kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 katika maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, huwa yanafaa kunywewa. Agizo la kutokunywa kabisa ni la vitu ambavyo moto hauviondoi, kama vile madini ya risasi na kemikali ya nitrati. Maji yanapopungua kwa kugeuka mvuke, kiwango cha vitu hivyo katika maji yanayobaki ndani ya sufuria huongezeka. Mwezi Agosti 2014, sumu itokanayo na mwani wa Ziwa Erie ilipogunduliwa katika maji ya mji wa Toledo, Marekani, wakazi waliagizwa wasiyanywe wala wasiyachemshe. Kichwa cha habari kisemacho tu kwamba maji si salama humwacha mzazi anayekoroga maziwa ya unga ya mtoto akibahatisha.

Bomba limepasuka, na habari yenyewe inakiri kuwa hakuna kijidudu kilichopatikana. Tunatishwa bure?

Hapana. Presha inaposhuka, maji machafu ya ardhini yanaweza kupenya kwenye nyufa za mabomba, ilhali kipimo cha kawaida cha bakteria wa E. coli huchukua takribani saa 18 hadi 24 kutoa majibu.

Tangazo la redio peke yake linatosha?

Halitoshi. Huko Walkerton, Kanada, mwezi Mei 2000, maji ya kisima cha mji yalichafuliwa na bakteria, watu 7 wakafariki na zaidi ya 2,000 wakaugua. Tahadhari ilisomwa redioni, lakini wapo wakazi ambao haikuwafikia siku hiyo. Ndiyo maana mhariri makini huirudia taarifa kwa njia mbalimbali, akitaja mitaa inayohusika na saa agizo lilipotolewa. (Picha ya bomba linalotiririka, ambayo vyombo vya habari haviachi kuiweka, haimwambii mtu kama mtaa wake umo.)

Tahadhari ikishaondolewa, nifanye nini?

Fungulia mabomba ya nyumbani kwa dakika kadhaa, mwaga barafu iliyogandishwa katika kipindi hicho, na ufuate maelekezo ya mamlaka ya maji kuhusu vichujio. Kabla ya hayo, hakikisha tarehe ya taarifa unayoisoma, kwa kuwa tangazo la kuondoa tahadhari ya zamani huweza kusambazwa upya wakati tahadhari nyingine ingali ikitumika.