Maswali na Majibu: WPP, Kampuni ya Vikapu Iliyoishia Kumiliki Mawakala wa Matangazo

Wiki hii nimekusanya pamoja maswali ya wasomaji kuhusu WPP, kundi la kampuni lenye makao yake London. Jina lake ni nadra kuonekana kwenye tangazo lenyewe, ingawa kampuni zake tanzu zimetengeneza matangazo ya bidhaa zinazouzwa karibu kila nchi.

Je, ni kweli kwamba WPP ilianza kwa kutengeneza vikapu?

Ni kweli. Herufi hizo zilitokana na Wire and Plastic Products, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo ilitengeneza vikapu vya waya na vifaa vya nyumbani. Mwaka 1985 Martin Sorrell, ambaye alikuwa mkurugenzi wa fedha wa wakala wa matangazo Saatchi & Saatchi, alinunua hisa zake pamoja na mwenzake. Hakuwa na haja na vikapu. Alichokitafuta ni kampuni ndogo iliyokwisha kuorodheshwa kwenye soko la hisa, ambayo angeweza kuitumia kukusanya mtaji, kukopa, na kununua kampuni nyingine. Miaka miwili tu baadaye, WPP ilinunua wakala wa matangazo J. Walter Thompson wa Marekani kwa dola milioni 566, ingawa kampuni hiyo ilikuwa kubwa kuliko mnunuzi wake mara nyingi. Miongoni mwa mali zake lilikuwamo jengo mjini Tokyo, ambalo lilipouzwa lilirudisha sehemu kubwa ya fedha zilizotumika. Kwangu mimi jengo hilo linaeleza tabia ya kundi hili kuliko tangazo lolote: wenzake walitazama kazi za ubunifu, Sorrell akatazama mizania, yaani hesabu ya mali na madeni.

Mwaka 1989 ikafuata Ogilvy, wakala mwingine wa matangazo, kwa dola milioni 864. Mwanzilishi wake, David Ogilvy, alipinga ununuzi huo kwa maneno makali, kisha akakubali kuwa mwenyekiti wa WPP asiye mtendaji. Madeni ya manunuzi hayo nusura yaizamishe kampuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini ilipona, na mwaka 2000 ikanunua wakala mwingine, Young & Rubicam.

Kwa nini mmiliki mmoja awe na mawakala wengi wanaoshindana wao kwa wao?

Sababu kubwa ni wateja. Kampuni ya soda haitaki mipango yake ya siri ikae ofisi moja na mipango ya mshindani wake, kwa hiyo wakala mmoja hawezi kuwahudumia wote wawili. Marion Harper, wa wakala wa matangazo McCann-Erickson, alilitatua tatizo hili mapema kwa kuunda kampuni mama iliyopewa jina la Interpublic mwaka 1961: kila wakala abaki na jina lake, wateja wake na wafanyakazi wake, na faida zipande juu kwa mmiliki mmoja. WPP na washindani wake, Omnicom na Publicis, zilifuata njia hiyo hiyo.

Kundi kama hili hutoa huduma gani hasa, na hulipwaje?

Watu wengi hudhani kazi yote ni kubuni matangazo. Kubuni ni sehemu moja tu. Ipo kazi ya uhusiano wa umma, iliyoingia WPP pamoja na Hill & Knowlton mwaka 1987; ulikuwapo utafiti wa soko chini ya Kantar, ambayo sehemu yake kubwa iliuzwa kwa Bain Capital mwaka 2019; na ipo kazi ya kununua nafasi za matangazo kwenye redio, televisheni, magazeti na intaneti, iliyokusanywa chini ya GroupM mwaka 2003 na kupewa jina la WPP Media mwaka 2025.

Ununuzi huu wa nafasi ndio unaostahili kutazamwa kwa makini. Kwa utaratibu wa zamani, wakala alijipatia kamisheni ya asilimia 15: nafasi ya redio ikigharimu shilingi 1,000,000, mteja alilipa kiasi hicho chote, wakala akapeleka 850,000 kituoni na kubakiza 150,000. Siku hizi wateja wengi wakubwa hulipa ada kulingana na kazi na muda. Hata hivyo, mnunuzi anayenunua kwa wingi hupewa punguzo, na kinachobishaniwa ni nani anastahili punguzo hilo. Mwaka 2016 chama cha kampuni za Marekani zinazolipia matangazo ya bidhaa zao kilichapisha uchunguzi uliosema kwamba marejesho ya fedha kutoka vyombo vya habari kwenda kwa mawakala, yasiyowekwa wazi kwa wateja, yalikuwa yameenea katika sekta hiyo. Msomaji mwenye biashara aliyeuliza kama asaini mkataba na wakala, nashauri kwanza adai kifungu kinachosema kwamba kila punguzo ni mali ya mteja, na kinachompa haki ya kukagua ankara za vituo.

WPP ina uhusiano gani na Scangroup ya Kenya?

Scangroup, kampuni ya matangazo na mawasiliano, iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2006. WPP ilinunua sehemu ya hisa zake, na mwaka 2013 ikapata umiliki wa zaidi ya nusu; ndipo jina likawa WPP Scangroup. Kwa hiyo Mkenya anaweza kununua hisa za kampuni hiyo Nairobi, ingawa mwenye kauli ya mwisho yuko London.

Jina la J. Walter Thompson limekwenda wapi?

Wakala huyo alianza New York mwaka 1864. Sorrell aliondoka WPP Aprili 2018, na mrithi wake, Mark Read, akaanza kuunganisha kampuni tanzu ili kupunguza gharama na mkanganyiko. Mwaka huo huo J. Walter Thompson iliunganishwa na kampuni tanzu nyingine, Wunderman, kuwa Wunderman Thompson, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba nayo ingeungana na tanzu nyingine, VMLY&R chini ya jina fupi la VML. Naelewa hesabu zilizoleta uamuzi huo, lakini nasikitika, kwa sababu wateja walilijua na kuliamini jina hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na sidhani herufi tatu zinaweza kurithi imani hiyo kwa tangazo la siku moja.